Kulea vifaranga wa enjeli nyumbani: chakula kwanza, mayai baadaye

Vifaranga wangu wa kwanza wa enjeli, samaki wa mapambo wa kufugwa tangini, walikufa kwa njaa huku chakula kimewazunguka. Nilichukua chakula cha pakiti cha wazazi wao, nikakitwanga kwenye kinu kidogo cha iliki mpaka kikawa laini kama poda, nikawanyunyizia asubuhi na jioni. Poda ikaelea, ikalowa, ikazama, nao wakawa wanapita katikati yake kama hawaioni. Na kweli hawakuiona. Kifaranga wa enjeli siku zake za mwanzo hutambua chakula kwa kutikisika. Kilichotulia kwake ni uchafu tu. Siku ya nne wakaanza kulala chini. Siku ya sita maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na tangi halikubaki na kiumbe hai isipokuwa konokono.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mbali kidogo. Wengi huanza kuhangaika siku wanapoyaona mayai, na siku hiyo wamekwisha kuchelewa. Kuanzia kutagwa hadi vifaranga waogelee na kutaka kula ni siku 7 au 8 hivi. Ndani ya siku hizo huwezi kukomaza filta mpya ya kusafishia maji, wala si wakati wa kujifunza kuangua artemia, vijidudu hai vya kuwalisha, kwa mara ya kwanza.

Enjeli ninayemsema ni yule wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, bapa, mwenye mapezi marefu juu na chini kama tanga la jahazi. Jina lake la kisayansi ni Pterophyllum scalare na kwao ni mito ya bonde la Amazon. Wapo samaki wengine wa miamba ya baharini wanaoitwa kwa jina hilohilo, hao waache huko huko. Huyu wetu ni wa ukoo mmoja na sato na perege, na undugu huo unaonekana kwenye malezi: sato jike huyahifadhi mayai mdomoni, enjeli huyabandika kwenye kitu kilichosimama kisha mume na mke wakayalinda pamoja. Ukiwaona wawili wamejitenga pembeni wanamfukuza kila anayesogea, jua kuna jambo.

Kupata mume na mke

Dukani nilimuuliza muuzaji, "Kaka, hawa ni dume na jike kweli?" Akanijibu, "Bosi, si unaona wanavyocheza? Hao ni mtu na mkewe." Nikalipa bei ya jozi. Wakataga mara tatu, na mara zote tatu mayai yote yaligeuka meupe kabla ya siku mbili kuisha. Walikuwa majike wawili. Majike wakikosa dume hushirikiana vizuri tu, wanasafisha mahali, wanataga, wanalinda, na kitu hakitoki.

Kwa macho, enjeli dume na jike hawatofautiki kwa uhakika, hata ukiambiwa habari za kichogo kikubwa. Kinachosema kweli ni kile kibomba kidogo kinachochomoza chini ya tumbo wakikaribia kutaga: cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba na kimechongoka. Kwa kuwa hakionekani siku zote, njia ya uhakika zaidi ni kununua wadogo sita, kuwakuza pamoja, na kuwaacha wachaguane wenyewe. Huchukua miezi 8 hadi 10 hivi. Wawili wakijitenga, wahamishie kwenye tangi lao la lita 80 au zaidi, lenye kina cha sentimeta 40 na kuendelea, kwa sababu huyu ni samaki wa kwenda juu kuliko wa kwenda mbele.

Watie kitu cha kutagia. Kipande cha marumaru kilichoegeshwa kwenye kioo kinatosha, au kipande cha bomba la plastiki kilichosimamishwa. Usipowapa watataga kwenye hita au kwenye bomba la filta, na hayo huwezi kuyahamisha kirahisi.

Joto la maji liwe nyuzi 27 au 28. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kiangazi hita haina kazi, ila miezi ya Juni hadi Agosti maji hupoa na mayai hukawia. Nairobi au Arusha bila hita usijisumbue. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 6.5 na 7.5 inafaa. Kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi chumvi, wazazi wataishi lakini mayai mengi hayatatunga; changanya na maji ya mvua nusu kwa nusu. Mvua ya kwanza iache iyaoshe mabati kwanza, usiikinge. Maji ya bomba yakae kwenye pipa siku nzima huku pampu ya hewa inayatoa viputo, ili klorini itoke.

Mwezi mmoja kabla: sponji

Tangi la vifaranga halitaki filta yenye nguvu, itawanyonya. Linataka filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Sponji mpya kutoka dukani hukamata uchafu unaoonekana basi. Sumu inayoua vifaranga ni amonia, inayotokana na kinyesi na chakula kilichooza, na wanaoimaliza ni bakteria wanaojenga ndani ya sponji polepole, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo itumbukize sponji hiyo kwenye tangi la wazazi sasa hivi, iwashe, isahau kwa mwezi mzima. Siku ya siku unaihamisha ikiwa tayari ina wakazi wake.

Ikichafuka, ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Mimi niliwahi kuiosha bombani mpaka ikang'aa, nikajisifu. Klorini iliwaua bakteria wote, na ndani ya siku tatu vifaranga zaidi ya mia wakawa juu ya maji wanatweta.

Wiki moja kabla: jifunze artemia

Artemia ni kijidudu cha maji ya chumvi, jamaa wa mbali wa kamba. Mayai yake yakikaushwa hulala miaka, na yakiingia maji ya chumvi yenye joto huanguliwa kwa siku moja. Mengi yanayouzwa madukani duniani yalitoka ziwa la Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani. Huku kwetu artemia walipandikizwa miaka ya 1980 kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi. Nunua kopo dogo, lifunge vizuri lisipate unyevu, liweke kwenye friji. Mayai yaliyoingia unyevu hayaanguliwi, na hutajua mpaka siku unayoyahitaji. Hiyo peke yake ni sababu ya kufanya jaribio mapema.

Chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, ikate kitako, igeuze mdomo chini ikiwa imefungwa kizibo. Tia lita moja ya maji yasiyo na klorini na gramu 25 hadi 30 za chumvi ya mawe, karibu vijiko viwili vya mezani. Weka nusu kijiko cha chai cha mayai. Ingiza mpira mwembamba wa hewa hadi chini kabisa, bila jiwe, na ufungue hewa ya kutosha kuyafanya mayai yazunguke bila kutulia. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28, na taa iwe karibu. Baada ya saa 24 maji yatakuwa yamebadilika kutoka rangi ya udongo hadi ya chungwa.

Kuvuna kunataka subira ya dakika kumi. Zima hewa. Maganda matupu yataelea juu, artemia watashuka chini, hasa ukimulika tochi karibu na kizibo, maana hufuata mwanga. Ingiza mpira mwembamba mpaka chini, wavute, wapitishe kwenye leso ya kitambaa laini, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maganda usiyachukue, kifaranga akiyameza hayasagiki, yanamziba tumbo.

Artemia aliyetoka tu kwenye yai ana akiba yake tumboni, na akiba hiyo ndiyo lishe unayoitafuta. Akikaa siku nzima bila kuliwa anakuwa ameitumia mwenyewe, unabaki kulisha maganda yanayotembea. Kwa hiyo endesha chupa mbili zilizopishana saa 12. Mwanzo utaona ni kazi. Baada ya siku tatu utakuwa unaifanya huku chai inachemka.

Siku ya kutaga

Siku moja au mbili kabla, utawaona wanaitafuna marumaru kwa midomo, wanaisafisha. Kisha jike anapita taratibu kutoka chini kwenda juu akibandika mayai mstari mstari, dume anafuata nyuma akiyarutubisha. Kazi hiyo huchukua saa moja, pengine mbili, na mwisho una mayai 150 hadi 400, kama punje za ulezi zenye rangi ya asali. Usiguse kitu mpaka wamalize.

Hapo unachagua: kuwaachia wazazi au kuyatoa.

Mimi nakushauri utoe, ingawa roho inataka kuwaachia. Kuwaona enjeli wawili wanahamisha watoto kwa midomo kutoka jani hadi jani ni jambo la kumwita jirani. Tatizo ni kwamba wengi wa enjeli wa madukani wametoka kwenye vizazi vilivyolelewa bila wazazi, na jozi changa hula mayai yake, mara nyingi usiku wa kwanza au wa pili. Ukitaka kuwajaribu, wape nafasi mara tatu au nne, waondolee samaki wengine, na waachie taa hafifu usiku wasichanganyikiwe. Wengine hujifunza, wengine hawajifunzi kamwe.

Ukitoa: andaa tangi dogo la kioo la lita 20 hadi 40, ulijaze maji ya tangi la wazazi yenyewe. Zamisha bakuli kwenye tangi la wazazi, ingiza marumaru ndani yake, uitoe ikiwa bado majini. Iegeshe mayai yakiwa upande wa chini kidogo. Weka jiwe la hewa karibu, viputo vipite kando ya mayai bila kuyagonga. Kazi ya hewa hiyo ni kuyatikisa maji, kama mama enjeli anavyoyapepea kwa mapezi.

Tia dawa ya bluu ya methilini matone machache, mpaka maji yawe bluu lakini mayai bado unayaona. Inazuia ukungu. Sponji yako usiilete bado, dawa hiyo itawadhuru bakteria. Na usitumie beseni la mtu. Mke wangu analo beseni jeupe ambalo mpaka leo lina duara la bluu, na kila mgeni akiuliza anaelekezwa kwangu.

Saa 60

Ndani ya siku moja na nusu, yaliyokosa mbegu yatageuka meupe kama wali. Machache ni kawaida. Ukungu huanzia hapo na kutambaa hadi kwenye mazima, kwa hiyo ukiweza yadondoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Yakiwa meupe yote, rudi kwenye swali la dume na jike, au kwenye maji yako.

Saa 48 hivi utaona mikia inatikisika ndani ya mayai. Kwenye saa 60, joto likiwa nyuzi 28, wanatoka, lakini hawaendi popote. Kila mmoja amening'inia kwa uzi mwembamba unaonata kutoka kichwani, mkia unachapa, tumbo ni mfuko wa kiini. Wanaoanguka chini hukusanyika mafungu mafungu wakitetemeka. Ni sawa, usiwatenganishe.

Watabaki hivyo kama siku tano. Usiwalishe. Wana chakula chao, na chochote utakachotia kitaoza tu. Kazi yako siku hizo ni kubadili maji kidogo kidogo ili dawa iishe, kuondoa mayai meupe, na siku ya mwisho kuingiza sponji iliyokomaa. Na washa chupa ya kwanza ya artemia siku moja kabla hujawatarajia kuogelea.

Siku wanapoogelea

Utaamka ukute wametawanyika tangi zima, kama vijiti vyenye macho, wote wanaangalia upande mmoja. Hawafanani na enjeli hata kidogo.

Wape artemia wachache kwa bomba la sindano, karibu na walipo. Kisha chukua tochi ulale kifudifudi mbele ya kioo. Utamwona mmoja anajikunja kama herufi S, anatulia, anaruka mbele kiasi cha upana wa kucha. Amekosa. Anajikunja tena. Wengine watakosa mara tano, sita, kabla ya kupata. Baada ya robo saa, matumbo yanaanza kuwa na rangi ya chungwa. Hicho ndicho kipimo chako chote: tumbo la chungwa ameshiba, tumbo la kioo ana njaa. Asiyepata tumbo la chungwa kufikia siku ya pili hana siku nyingi.

Walishe mara 4 au 5 kwa siku, kidogo kidogo. Artemia kwenye maji baridi huishi saa chache tu kisha hufa na kuchafua, kwa hiyo kiasi kiwe kile kinachokwisha ndani ya saa moja hivi. Ukitoka kwenda kazini asubuhi, walishe saa kumi na moja alfajiri, tena kabla hujafunga mlango; mtu wa nyumbani awape mchana, wewe umalizie jioni mara mbili. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa watu hukisifia sana. Ni chakula cha dharura, kiasi cha ncha ya kijiti, na ukikitumia badilisha maji siku hiyohiyo.

Maji ndiyo kazi ya pili. Kila siku toa theluthi hadi nusu. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, taratibu, na uumwage kwenye ndoo nyeupe. Nyeupe kwa sababu lazima utanyonya vifaranga, na kwenye ndoo nyeusi huwaoni. Waache watulie, uwachote kwa kijiko mmoja mmoja uwarudishe. Maji mapya yawe na joto lilelile na yaingie kwa kudondoka.

Umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kutolisha. Kuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, si ghali. Huna? Chota maji ya tangi hilohilo kwa kikombe, yamwage kwa kimo cha shubiri moja, mara kumi, kila baada ya muda. Inachosha lakini niliwahi kuvuka usiku mzima hivyo.

Wiki ya tatu na kuendelea

Kati ya wiki ya tatu na ya nne mapezi yanachipua juu na chini, na siku moja unagundua una enjeli wadogo kweli. Hapo anza kuwazoesha chakula kikavu kilichosagwa: wape kikavu wakiwa na njaa, artemia wafuate. Kufikia wiki ya sita wengi watakuwa wanakimbilia kikavu. Viluwiluwi wa mbu ni chakula kizuri kwa waliokwisha kukua, lakini wape wanaokwisha papo hapo. Wanaobaki wanageuka mbu ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Kinachoharibu wengi hatua hii ni ubanano. Vifaranga 200 kwenye lita 40 wataishi mwezi mmoja, kisha utaona waliodumaa, wasio na mapezi ya tumboni, wenye vifuniko vya mashavu vilivyokunjamana. Mara nyingi kosa hilo ni la maji na nafasi kuliko la wazazi. Wahamishie tangi la lita 100 au zaidi wiki ya tatu, na mwili bila mapezi ukifikia sarafu ya shilingi mia, wiki ya 6 hadi ya 8, kila mmoja apate kama lita nne. Piga hesabu ukaone ni wangapi unaoweza kuwafikisha hapo. Mwenye matangi mawili asikuze mia tatu. Waliopinda mgongo au wasioweza kuogelea watenge mapema, na usiwauze wala kuwapa mtu wa kuwazalisha.

Wa wiki ya 8 wanaweza kusafiri. Wasilishwe saa 24 kabla, mfuko uwe na theluthi ya maji na theluthi mbili hewa, na anayewapokea auache mfuko uelee kwenye tangi lake robo saa kabla ya kuanza kuongeza maji yake kidogo kidogo.

Wazazi nao hawakusubiri. Ukiwanyang'anya mayai, hurudi kutaga baada ya siku 8 hadi 14, kwa hiyo vifaranga wako wakiwa wa mwezi mmoja kuna awamu nyingine mbili au tatu za mayai zilizokwisha kupita. Mwanzo nilikuwa nayatoa yote kwa uchu, nikaishia na vifaranga wembamba wa rika tatu kwenye ndoo. Siku hizi wakitaga kabla sijapata nafasi, marumaru naiacha pale pale. Wakiyala, wameyala.